NCHI JIRANI: JEMBE NA NGOMA VYA BUJORA

Neno makumbusho aghalabu huyapeleka mawazo ya watu kwenye jengo kubwa la mji mkuu, lenye mlango mpana na walinzi wa serikali. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo katika Afrika ya Mashariki. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, ya Nairobi yalianza mwaka 1910, na yale ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940. Yote matatu yaliasisiwa enzi ya ukoloni, na walioamua kitu gani kiwekwe ndani na kitu gani kiachwe nje hawakuwa wenyeji. Mkulima aliingia humo akiwa mtazamaji wa vitu vyake mwenyewe.

Lakini kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi jirani ya Tanzania, yapo makumbusho ya namna nyingine. Hayakuanzia ikulu wala chuo kikuu. Yalianzia kijijini, miongoni mwa wakulima wa pamba, mtama na mihogo, nayo yakakua kidogo kidogo hadi kujulikana duniani. Mahali hapo panaitwa Bujora, karibu na mji mdogo wa Kisesa katika Wilaya ya Magu, mashariki ya mji wa Mwanza, si mbali na barabara kuu iendayo Musoma. Historia yake yafaa kufahamiwa na kila mwenye dhamana ya ulinzi, kwa kuwa swali linalojibiwa hapo ni swali la ulinzi: utawala unapobadilika, ni nani anayezilinda mali za kumbukumbu za wananchi?

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Kabla ya ukoloni hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi yao iligawanyika katika tawala ndogo zilizofikia kiasi cha 50, kila moja ikiwa na mtawala wake aliyeitwa ntemi. Wengi hulifasiri jina hilo kwa kulihusisha na kitenzi kutema, yaani kukata. Wapo wasemao ntemi ni yule aliyetangulia kukata pori na kufungua mashamba. Wapo wasemao ni yule akataye mashauri ya watu. Fasiri zote mbili zaonyesha jambo moja, kwamba utawala ulishikamana na ardhi na haki. Mwanzoni mwa msimu, ntemi ndiye aliyesimamia matambiko ya mbegu na mvua. Mvua ikikatika mwaka baada ya mwaka, heshima yake ilikatika pia, na aliweza kuondolewa katika kiti chake. Ngoma za utemi, kwa hiyo, hazikuwa mapambo ya mkubwa. Zilikuwa alama ya mapatano kati ya mtawala na wakulima wake.

Chini ya ntemi ilikuwapo nguvu nyingine, nayo ni nguvu ya vijana. Kila kijiji kilikuwa na kikosi cha vijana cha kazi, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale, maana yake mkuu wa vijana. Huyu hakurithi cheo. Alichaguliwa kwa sababu ya bidii, busara na uwezo wa kuamrisha. Shamba la mtu lilipohitaji kulimwa haraka, mwenye shamba alikwenda kwa nsumba ntale, na kikosi kikatoka alfajiri na majembe mabegani. Walilima kwa mstari mmoja, wakifuata mdundo wa ngoma, na aliyebaki nyuma alifahamika kwa wote. Ng'ombe walipoibwa au adui alipotokea, vijana hao hao ndio waliopigiwa yowe. Askari anayefahamu thamani ya gwaride hahitaji kuelezwa zaidi: nidhamu ya watu hawa ilifunzwa shambani, na mkufunzi wake alikuwa ngoma na jembe.

Jembe lenyewe lilikuwa na historia yake. Lilifuliwa na mafundi wa chuma waitwao Balongo, ambao sifa zao zilienea kutoka pande za Uzinza na Geita. Majembe yao yalichukuliwa na misafara mpaka Unyamwezi na mbali zaidi. Yalilimia, yalilipia mahari, na yalibadilishwa kwa mifugo na chumvi. Majembe ya viwandani yalipoanza kuletwa kutoka Ulaya kwa bei nafuu, matanuru ya Balongo yalizimika moja baada ya jingine, na maarifa ya karne nyingi yakabaki vichwani mwa wazee wachache.

Utawala wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza ulileta pamba, kodi na amri. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ndani yake mlikuwa na mambo mema, kama malambo ya maji na njia za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Lakini mengi yaliletwa kwa kulazimisha: mkulima aliamriwa alime matuta kwa namna fulani na apunguze ng'ombe wake, na asiyetii alitozwa faini. Chuki ilikua. Mwaka 1954 chama cha TANU kilikatazwa kufanya kazi katika eneo hilo, na mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana kwa maelfu hadi Mwanza, ambako polisi wa kikoloni waliwatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi. Wakulima, kwa upande wao, walikwisha kuunda vyama vya ushirika chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, wakauza pamba yao wenyewe.

Kosa la wakoloni halikuwa katika matuta tu. Walimhesabu mkulima wa Kisukuma kuwa mtu asiyejua ardhi. Kumbe mkulima huyo alikuwa na jina kwa kila aina ya udongo. Udongo wa kichanga wa miinuko aliuita luseni, akapanda humo mazao yasiyodai maji mengi. Ardhi ngumu ya katikati aliiita itogolo. Udongo mweusi wa bondeni aliuita mbuga, akautumia kwa mpunga na malisho. Alijua kukata viazi vitamu vipande, kuvianika na kuviweka akiba viitwavyo michembe, ili njaa ikija imkute ana chakula ghalani. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu. Ilikuwa katika vyombo, nyimbo, majina na desturi, na vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikidharauliwa shuleni na makanisani.

Hapo ndipo historia ya Bujora inapoanza. Katika miaka ya 1950 alifika huko padri mmoja kutoka Kanada, David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Wakati wamisionari wengi walikuwa wakiwaamuru waumini wao kuzitupa ngoma, yeye alichagua njia nyingine. Alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, akawasikiliza. Kamati ya wenyeji iliundwa kukusanya historia, methali, nyimbo na maelezo ya mila. Kanisa lililojengwa Bujora lilifuata umbo la nyumba ya duara ya Kisukuma, na ndani yake zikatumika alama za utemi. Wapo waliomlaumu padri huyo kwamba anachanganya dini na mambo ya kipagani. Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mgeni. Bila wazee kuyatoa maarifa yao, na bila wanakijiji kuvitoa vyombo vya nyumbani mwao, padri angebaki na mabanda matupu.

Kisha yakaja mabadiliko makubwa. Mwaka 1963, muda mfupi baada ya Uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu wote. Aliyeiongoza serikali hiyo, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu wa Wazanaki. Sababu ilieleweka: taifa changa halikutaka mamlaka mbili katika kijiji kimoja, na baadhi ya machifu walikuwa wametumiwa na wakoloni kukusanya kodi na kutekeleza amri zilizochukiwa. Hapakupigwa risasi. Watemi walishuka vitini, na wengine wakaingia katika utumishi wa serikali mpya.

Lakini sheria iliyofuta cheo haikusema ngoma ziende wapi. Katika kila utemi zilikuwapo ngoma za urithi, viti vya enzi, mikuki, mavazi ya kutawazia na vyombo vya matambiko ya mbegu. Vitu hivyo havikuwa na mwenyewe tena. Vingine viliozea katika nyumba zilizobomoka, vingine viliuzwa kwa wageni kwa bei ya kutupa, vingine vilifichwa na warithi waliochelea kuchekwa au kushukiwa. Bujora ikawa mahali ambapo vitu hivyo viliweza kupokewa bila mtu yeyote kuulizwa kama anataka kuurudisha utemi. Huo ndio msingi wa makumbusho.

Yafaa hapa kulinganisha na yaliyotokea kaskazini mwa ziwa hilo hilo. Nchini Uganda, mgogoro kati ya serikali kuu na ufalme wa Buganda uliamuliwa kwa bunduki. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbia, akafia London mwaka 1969. Falme zote zilifutwa mwaka 1967. Katika mashambulizi hayo hawakufa watu tu. Vitu vya kifalme, zikiwamo ngoma, viliharibiwa na vingine viliporwa. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, kiti kiliweza kukaliwa tena, lakini kilichoteketea hakikuweza kurudishwa kwa sheria yoyote. Tofauti hii haihusu sifa ya kabila moja juu ya jingine. Inahusu mkono uliovishika vitu hivyo saa ya mabadiliko: upande mmoja ulikuwa mkono wa mwanakijiji, upande mwingine ulikuwa mkono wenye silaha usiopewa amri ya kuvilinda.

Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa rasmi huko Bujora mwaka 1968. Hayakujengwa kama jumba moja. Yalijengwa kama mji wa Kisukuma, banda baada ya banda, katikati ya majabali makubwa ya nchi ile. Banda la watemi lilipewa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zikawekwa ngoma na vitu vya tawala mbalimbali pamoja na orodha za watawala wake. Ikajengwa nyumba ya msonge yenye vyombo vya familia: vibuyu vya maziwa, mawe ya kusagia, vilindo vya nafaka na vikapu. Ikawekwa nyumba ya mfua chuma, ili mtoto aone jinsi mviringo wa chuma ulivyogeuka kuwa jembe. Likajengwa banda la vyama vya ngoma, na nyumba ya mganga. Mtu apitaye humo haoni vitu vya kushangaza tu. Anapita katika mwaka mzima wa mkulima, tangu tambiko la mbegu hadi sherehe ya mavuno.

Miaka michache baadaye umuhimu wa kazi hiyo ulionekana wazi. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania iliendesha operesheni ya kuwahamishia wananchi katika vijiji vya pamoja. Usukuma, ambako kila mji ulisimama peke yake katikati ya mashamba na malisho yake, uliguswa sana. Shule, zahanati na maji viliweza kusogezwa karibu na watu, lakini katika kuhama huko miji ya zamani iliachwa na vyombo vingi vikaachwa pamoja nayo. Vile vilivyokwisha kuwekwa Bujora vilisalimika.

Yapo pia makumbusho yasiyowekwa ndani ya banda. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hutajwa kuwa waganga wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mwaka, baada ya mavuno, mnamo mwezi wa Juni, hufanyika Bujora sikukuu ya Bulabo, inayofuatana na sherehe ya Kanisa ya Ekaristi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mwamuzi ni umma wenyewe: penye watu wengi ndipo penye ushindi. Wengine hucheza na nyoka. Wengine hucheza bugobogobo, yaani ngoma ya majembe, ambapo wachezaji huyarusha majembe hewani na kuyadaka kwa mpango mmoja kama askari wanavyofanya mazoezi ya bunduki. Kazi ya kikosi cha nsumba ntale, ambayo trekta na jembe la kukokotwa na ng'ombe vimeipunguza shambani, imebaki hai uwanjani.

Wapo watakaouliza: vitu hivi vya kale vyamsaidia nini mkulima wa leo? Jibu linapatikana katika mkoa wa jirani wa Shinyanga. Huko miti ilikuwa imekatwa kwa miongo mingi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni, hata nchi ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI. Wataalamu walipoacha kuamuru na kuanza kuuliza, wananchi waliwaonyesha desturi yao ya kale iitwayo ngitili, ambapo sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilifufuliwa, na katika muda wa miaka isiyotimia 20 zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na majani na miti. Mkoloni alitaka kuihifadhi ardhi kwa faini na virungu, akashindwa. Desturi ya wenyeji iliihifadhi kwa hiari yao.

Hata hivyo, si kila cha kale kilichofufuliwa kilileta neema tupu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, wizi wa mifugo na ujambazi wa kutumia silaha uliongezeka. Mnamo mwaka 1981 na 1982 wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliunda vikundi vya ulinzi viitwavyo sungusungu, vyenye mpangilio unaofanana na ule wa zamani wa vijana wa kijiji. Wizi ulipungua sana, na baadaye serikali ikavitambua vikundi hivyo kisheria. Lakini pia vilitokea vitendo vya kuwapiga na hata kuwaua washukiwa, wakiwamo wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Somo ni kwamba urithi hauchukuliwi wote mzima kama mzigo. Huchambuliwa kama mbegu: zilizo njema hupandwa, zilizooza huachwa. Na huwezi kuchambua usichokihifadhi.

Bujora imeendelea chini ya Kanisa la mahali hapo na wenyeji, na leo hupokea wanafunzi, watafiti na watalii. Matatizo yake ni yale ya taasisi yoyote ya kijijini. Nyumba za msonge hudai kuezekwa upya, mchwa hauheshimu ngoma ya ntemi, na wazee waliojua maana ya kila alama wanazidi kupungua. Zaidi ya hayo, vitu vya kale vya Afrika vimekuwa bidhaa inayotafutwa na matajiri wa ng'ambo, na mwizi wa kiti cha enzi haji na bunduki. Huja na noti na maneno matamu.

Kwa sababu hiyo jambo hili linawahusu wenye mavazi ya serikali. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unazitaka nchi zilizouridhia kuweka katika kanuni za majeshi yao, wakati wa amani, wajibu wa kuzilinda mali za utamaduni zisiharibiwe wala kuporwa vitani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapiga vita biashara haramu ya mali hizo kupita mipakani. Wa kwanza unamhusu mwanajeshi. Wa pili unamhusu polisi anayekagua lori usiku kwenye kizuizi cha barabara. Ngoma kuukuu iliyofungwa katika gunia, isiyo na hati yoyote, yaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyosalia ya utemi mzima.

Wakulima wa Bujora hawakuwa na jeshi wala hazina. Walikuwa na subira, na walijua kwamba mtu hali mbegu yake yote hata wakati wa njaa. Walizipokea ngoma zilizokosa wenyewe na majembe yaliyokosa kazi, wakaviweka mahali ambapo wajukuu wao wangevikuta. Serikali hubadilika, na mipaka ya wilaya huchorwa upya. Mwenye bunduki aliyesimama mlangoni siku ya mabadiliko ndiye awezaye kuamua kama ghala hilo la kumbukumbu litafunguliwa kesho au litakuwa majivu. Wajibu wake ni kulilinda.